Jerome Holtzman: Mwandishi wa Chicago aliyewaingiza wasioonekana katika daftari la besiboli

Kwa zaidi ya nusu karne, Jerome Holtzman aliandika habari za besiboli katika mji wa Chicago, Marekani. Alianza kama tarishi wa gazeti na akamaliza kama mwanahistoria rasmi wa ligi kuu ya mchezo huo. Katikati ya safari hiyo alibuni hesabu moja ndogo iliyobadilisha namna wachezaji wanavyothaminiwa, wanavyolipwa na wanavyopangwa uwanjani. Katika makala haya tunaangalia maisha yake ya kazi, na swali ambalo kazi hiyo inaliacha: nani huamua kinachoandikwa, na nini humpata asiyeandikwa?

Mchezo unaoishi kwa hesabu

Besiboli si mchezo unaotazamwa sana Afrika Mashariki. Wengi wetu tuliusikia zaidi mwaka 2012, vijana wa Lugazi nchini Uganda walipokuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika fainali za dunia za Little League, mashindano makubwa ya watoto yanayofanyika Marekani. Kwa hiyo tuanze na mambo machache ya msingi.

Timu mbili za wachezaji tisa tisa hupokezana kupiga na kulinda uwanja. Wa upande unaolinda, anayeitwa mrushaji, hurusha mpira. Wa upande wa pili husimama na gongo na kujaribu kuupiga. Mpigaji akifanikiwa kukimbia na kuvizunguka vituo vyote vinne, timu yake hupata pointi moja. Mchezo hauongozwi na saa. Unakwenda vipindi tisa, na kama timu zimefungana, huongezwa kipindi kimoja kimoja hadi apatikane mshindi.

Kila tendo uwanjani huandikwa: nani alirusha, nani alipiga, nani alikosa, nani alifika kituo gani. Siku ya pili gazeti huchapisha jedwali la mchezo mzima, na shabiki aliyekuwa kazini anaweza kulisoma na kuujua mchezo karibu kama aliyekuwepo. Katika mpira wa miguu, pasi ya bao siku hizi huhesabiwa, na kiungo aliyeitoa hupata sifa yake. Zamani mfungaji peke yake ndiye aliyetajwa. Kiungo alikuwepo na pasi ilikuwepo, ila hakukuwa na safu ya kuiandika. Katika besiboli ya miaka ya 1950, kundi zima la wachezaji lilikuwa katika hali hiyo.

Kutoka makao ya yatima hadi chumba cha habari

Holtzman alizaliwa Chicago tarehe 12 Julai 1926, katika jamii ya Wayahudi wa mji huo. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, na akalelewa katika makao ya watoto yatima ya Kiyahudi upande wa magharibi wa mji. Mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka 17, alipata kazi ya utarishi katika gazeti la Chicago Daily Times. Alibeba karatasi kutoka meza hadi meza, akiona jinsi habari inavyopikwa.

Vita Kuu ya Pili vilimchukua hadi katika kikosi cha Marine cha Marekani. Aliporejea, alirudi kwenye gazeti, ambalo mwaka 1948 liliungana na lingine na kuwa Chicago Sun-Times. Hakukabidhiwa timu kubwa mara moja. Kwa takriban miaka kumi aliandika habari za michezo ya shule za sekondari, kazi isiyo na sifa nyingi lakini inayomfunza mwandishi kuhesabu mwenyewe, kwa sababu kwenye uwanja wa shule hakuna ofisa wa kumgawia takwimu zilizokwisha kuchapwa.

Mwaka 1957 ndipo alipoanza kufuatilia besiboli ya ligi kuu. Chicago ina timu mbili: Cubs ya upande wa kaskazini, inayocheza Wrigley Field, na White Sox ya upande wa kusini, ambayo siku hizo ilicheza Comiskey Park. Waandishi walisafiri na timu msimu mzima, mji hadi mji. Aliyekuwa makini aliona mambo ambayo jedwali la gazeti halikuyaonyesha.

Dosari ya mwaka 1959

Mchezo wa besiboli unapomalizika, mrushaji mmoja wa timu iliyoshinda huandikiwa ushindi, na mmoja wa timu iliyoshindwa huandikiwa kipigo. Ushindi huenda kwa mrushaji aliyekuwa akihesabika uwanjani pale timu yake ilipochukua uongozi ambao haikuupoteza tena. Kwa mrushaji aliyeanza mchezo, utaratibu huu una mantiki. Kwa mrushaji wa akiba, yaani yule anayeingia baadaye mwenzake akichoka au akizidiwa, ulileta matokeo ya ajabu.

Tuchukue mfano. Timu inaongoza 4 kwa 3, na mrushaji wa akiba anaingia. Anaruhusu pointi, timu zinakuwa sawa 4 kwa 4. Kipindi kinachofuata wenzake wanapata pointi ya tano na mchezo unaisha. Yeye, aliyeharibu uongozi, ndiye anayeandikiwa ushindi. Sasa tuchukue mwingine anayeingia katika hali ile ile, 4 kwa 3, na haruhusu chochote hadi mwisho. Ushindi unakwenda kwa aliyeanza. Yeye aliyelinda lango hapati kitu.

Mwaka 1959 Elroy Face, mrushaji wa akiba wa Pittsburgh Pirates, alimaliza msimu akiwa na ushindi 18 na kipigo kimoja tu. Magazeti yalimsifu sana. Holtzman hakukataa kwamba Face alikuwa hodari, lakini aliona kwamba baadhi ya ushindi ule ulipatikana kwa njia ya mfano wetu wa kwanza: alipoteza uongozi, kisha wapigaji wa timu yake wakamwokoa. Wakati huohuo yeye alikuwa akisafiri na Cubs, timu isiyo na makuu, yenye warushaji wawili wa akiba, Don Elston na Bill Henry. Hao waliingia kila mara mchezo ukiwa umekaa pabaya, wakalinda uongozi wa wenzao, na katika daftari hawakuonekana.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kilichokuwa kinapotea hapa ni kazi ya watu.

Kanuni ya mwandishi mmoja

Holtzman hakuwa wa kwanza kutumia neno uokoaji kwa kazi ya warushaji wa akiba. Allan Roth, mtaalamu wa takwimu wa Dodgers, alikuwa akihesabu uokoaji tangu miaka ya mwanzo ya 1950. Hata hivyo, hesabu ya namna hiyo ilimpa sifa yeyote aliyemalizia mchezo wa ushindi bila kuandikiwa ushindi wenyewe, hata kama timu yake ilikuwa mbele kwa pointi kumi.

Holtzman aliongeza kipimo cha hatari. Kwa kanuni yake, mrushaji wa akiba hakustahili uokoaji kwa kuwepo tu uwanjani mwishoni. Ilibidi aingie wakati uongozi uko hatarini kweli, wapinzani wakiwa karibu kusawazisha, naye aulinde hadi mwisho. Kwa maneno mengine, alitaka daftari liulize si nani alimaliza, bali ni katika hali gani.

Kanuni hiyo aliipeleka kwa The Sporting News, jarida la mji wa St. Louis lililokuwa likisomwa na watu wote wa besiboli na ambalo yeye alikuwa mwandishi wake wa Chicago. Mchapishaji wake, J. G. Taylor Spink, aliikubali. Kuanzia mwaka 1960 jarida likawa linachapisha orodha ya warushaji wa akiba kwa hesabu hiyo, na kuwatunuku walioongoza mwishoni mwa msimu.

Ilichukua miaka tisa kabla ya ligi kuu yenyewe kuitambua. Mwaka 1969 uokoaji uliingizwa rasmi katika takwimu za mchezo. Uokoaji wa kwanza rasmi uliandikwa Aprili 7 mwaka huo, kwa jina la Bill Singer wa Los Angeles Dodgers. Tangu mwaka 1920, zilipoanza kuhesabiwa rasmi pointi zinazoletwa na kila mpigaji, hakukuwa kumeongezwa takwimu nyingine kubwa. Kanuni ilirekebishwa mara kadhaa katika miaka ya 1970 hadi kufikia ya leo, ambayo kwa sehemu kubwa humtaka mrushaji aingie timu yake ikiongoza kwa pointi zisizozidi tatu, arushe walau kipindi kimoja, na amalizie mchezo bila kupoteza uongozi. Ni nyepesi kuliko ile ya mwanzo.

Hesabu inapogeuka mshahara

Athari yake haikukaa kwenye karatasi. Mchezaji anapokwenda kuzungumzia mkataba, anahitaji kitu cha kuweka mezani. Kabla ya 1969 mrushaji wa akiba alikwenda mikono mitupu. Baada ya hapo alikuwa na namba.

Mfano mzuri unatoka hapo hapo Chicago. Bruce Sutter alikuwa mrushaji wa akiba wa Cubs, na mwaka 1979 alipata tuzo ya Cy Young, inayotolewa kwa mrushaji bora wa ligi. Mwaka uliofuata yeye na klabu walishindwa kukubaliana kuhusu mshahara, shauri likaenda kwa msuluhishi, na Sutter akapewa dola 700,000. Mwisho wa mwaka huo Cubs ikamuuza St. Louis. Mwaka 2006 Sutter aliingizwa katika Jumba la Watu Mashuhuri wa Besiboli mjini Cooperstown, New York, akiwa mrushaji wa kwanza kupewa heshima hiyo bila kuwahi kuanza mchezo hata mmoja wa ligi kuu. Mwaka 2019 Mariano Rivera wa New York Yankees, mwenye uokoaji 652, rekodi ya wakati wote, alipita katika jumba hilo kwa kura za waandishi wote bila hata mmoja kumkataa. Hakuna mchezaji aliyewahi kupata kura kamili kabla yake.

Lakini namba iliyobuniwa kueleza mchezo ilianza kuuamuru. Makocha walizoea kumtunza mrushaji wao bora wa akiba kwa ajili ya kipindi cha mwisho tu, timu ikiwa mbele, kwa sababu hapo ndipo uokoaji unapopatikana. Mchezo unaweza kuwa umeamuliwa kipindi cha saba, naye ameketi.

Tarehe 4 Oktoba 2016 jambo hilo lilionekana wazi. Baltimore Orioles ilikuwa ugenini Toronto katika mchezo mmoja wa mtoano: anayeshindwa anarudi nyumbani. Zack Britton wa Baltimore alikuwa amejaribu kuokoa michezo 47 msimu huo na kufanikiwa yote 47. Timu zilifungana 2 kwa 2 hadi vipindi vya nyongeza. Britton hakuitwa. Kipindi cha 11 Edwin Encarnación wa Toronto aliupiga mpira nje ya uwanja, mchezo ukaisha 5 kwa 2, na mrushaji bora wa akiba wa msimu ule hakurusha hata mpira mmoja. Mjadala wa usiku huo haujaisha.

Je, Holtzman alaumiwe? Sisi tunaona haki ni kutofautisha mambo mawili. Yeye alitafuta kipimo cha kuonyesha kazi iliyofichika, na alikipata. Walioifanya namba hiyo kuwa ratiba ya kazi ni wengine. Hata hivyo ni funzo kwa kila anayebuni kipimo, kiwe cha shuleni, hospitalini au ofisini: watu wakishajua kinachohesabiwa, hukifanyia kazi hicho, na kile kisichohesabiwa huachwa.

Kinasa sauti na wazee wa kalamu

Kazi ya pili kubwa ya Holtzman ingemgusa yeyote anayefanya kazi redioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alisafiri na kinasa sauti kuwatafuta waandishi wakongwe wa michezo nchini Marekani. Hao walikuwa wameandika juu ya mashujaa kwa miaka 40 au 50, ila maisha yao wenyewe hayakuwa yameandikwa popote, na walikuwa wakiondoka mmoja baada ya mwingine.

Matokeo yake ni kitabu No Cheering in the Press Box, kilichotoka mwaka 1974. Jina lake linataja kanuni ya zamani ya kazi hii: mwandishi aketiye katika kibanda cha waandishi hashangilii timu. Holtzman aliyaondoa maswali yake na kuwaacha wazee wazungumze wenyewe, mmoja mmoja. Toleo la kwanza lilikuwa na waandishi 18. Humo yumo Marshall Hunt, aliyemfuata nyota Babe Ruth kila alikokwenda, na Ford Frick, aliyewahi kuandika makala zilizotoka kwa jina la Ruth kabla hajawa kamishna wa ligi kuu mwaka 1951. Jimmy Cannon, mwandishi mashuhuri wa New York, alifariki Desemba 1973, kabla kitabu hakijatoka. Kama Holtzman angechelewa, sauti hiyo isingekuwamo.

Katika simulizi hizo wakongwe wanakiri mengi. Enzi zao klabu ndizo zilizolipia treni, hoteli na chakula cha waandishi, na baadhi ya mambo waliyoyaona hayakuandikwa. Kwa hiyo kitabu hiki kinatuonyesha pia jinsi historia ya mchezo ilivyochujwa kabla ya kumfikia msomaji.

Waliokuwa nje ya kibanda

Hapa pana jambo lisiloweza kuachwa. Mwaka 1943, mwaka ule ule Holtzman alipoanza utarishi, zaidi ya watu 50,000 walijaa Comiskey Park kutazama mchezo wa nyota wa ligi za Weusi, uliokuwa ukifanyika Chicago tangu mwaka 1933. Wachezaji Weusi walikuwa wamefungiwa mlango wa ligi kuu, na hali hiyo iliendelea hadi Jackie Robinson alipoingia Brooklyn Dodgers mwaka 1947. Magazeti makubwa ya Wazungu hayakuzipa ligi zao nafasi kubwa. Aliyetaka jedwali la mchezo wao alisoma Chicago Defender, Pittsburgh Courier au Afro-American la Baltimore.

Waandishi wa magazeti hayo nao walifungiwa. Chama cha Waandishi wa Besiboli cha Marekani kilimpokea mwanachama wake wa kwanza Mweusi, Sam Lacy, mwaka 1948. Mwingine, Wendell Smith, aliyepigania sana kuingia kwa Robinson, baadaye alihamia Chicago na miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki mwaka 1972, aliandika safu katika Sun-Times, gazeti la Holtzman.

Hata tuzo ya juu ya waandishi wa besiboli ilibeba historia hiyo. Holtzman alitunukiwa tuzo hiyo ya mwaka 1989, wakati huo ikiitwa kwa jina la Spink, mchapishaji yule yule aliyeikubali kanuni yake. Spink huyo mwaka 1942 jarida lake lilichapisha tahariri ya kutetea utengano wa rangi katika mchezo. Mwezi Februari 2021 waandishi walipiga kura kuliondoa jina lake kwenye tuzo.

Mwanahistoria rasmi

Mwaka 1981 Holtzman alihamia Chicago Tribune, mwaka ambao kampuni ya gazeti hilo iliinunua Cubs. Aliandika hapo hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1998 alitoa kitabu juu ya makamishna wa ligi kuu, The Commissioners. Mwaka 1999 Kamishna Bud Selig akamteua kuwa mwanahistoria rasmi wa besiboli ya ligi kuu, wa kwanza kushika nafasi hiyo. Alifariki tarehe 19 Julai 2008 huko Evanston, kaskazini kidogo ya Chicago, akiwa na miaka 82.

Nafasi yake ilikuja kushikwa na John Thorn mwaka 2011. Desemba 2020 ligi kuu ilitangaza kwamba ligi saba za Weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948 zitatambuliwa kuwa ligi kuu, na Thorn akaongoza kamati ya kuzipitia takwimu zake. Mwezi Mei 2024 takwimu hizo ziliingizwa rasmi. Josh Gibson, aliyefariki mwaka 1947 bila kuruhusiwa kucheza hata mchezo mmoja wa ligi kuu ya wakati ule, akawa na wastani wa juu kuliko wote wa upigaji katika historia, .372, akimpita Ty Cobb.

Hilo liliwezekana kwa sababu kuna waandishi wa Defender, Courier na Afro-American waliokaa uwanjani na kuandika, mchezo baada ya mchezo, na kwa sababu watafiti walirudi kuzisoma kurasa hizo. Ambapo hakuna aliyeandika, safu imebaki tupu hadi leo, na hakuna kamati inayoweza kuijaza.

Elston na Henry wa Cubs hawakuwa nyota. Lakini leo anayefungua takwimu za mwaka 1959 anaona uokoaji wao, kwa sababu baada ya hesabu hiyo kukubalika, watafiti walirudi kwenye majedwali ya zamani na kuijaza. Ilianza kwa mwandishi wa mji mmoja aliyeona kazi inafanyika mbele ya macho yake na haiandikwi, akaamua kuiandika.